Nilionyeshwa kiwanja kando ya barabara, hatimiliki ikanipeleka bondeni

Kwako Mshauri,

Mimi ni fundi wa cherehani, ninaishi Umoja, na riziki yangu kubwa ni kushona sare za shule. Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu tulichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, tukaongeza pesa nilizopata zamu yangu ya chama cha akina mama ilipofika, tukanunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Barabara ya Kangundo, kupita Joska. Bei ilikuwa shilingi 850,000. Tulitoa arbuni ya asilimia 30, na salio tukalilipa kwa miezi 12 bila kuchelewa hata mwezi mmoja.

Siku ya kwenda kuona tulikutana mjini asubuhi, tukapakiwa kwenye basi dogo la kampuni tukiwa wateja 14, kila mmoja akapewa soda na kabrasha la rangi. Tulipofika, kijana wa mauzo alitupeleka mimi na mume wangu hadi kiwanja kilichopakana na barabara ya changarawe, penye nguzo ya umeme karibu na mgunga mmoja kwenye pembe. Akasema, "Mama, hiki ndicho chenu, kutoka hapa hadi pale kwenye mgunga." Niliinama nikaigusa bikoni, ile nguzo fupi ya kuonyesha mpaka. Rangi nyekundu iliyopakwa juu yake ilinishika vidoleni, nikajipangusia leso, nikacheka nikimwambia kijana kwamba hata rangi haijakauka. Naye akacheka.

Tulifanya upekuzi katika sajili ya ardhi, tukakuta ardhi ni ya kampuni na haina rehani. Mkataba uliandaliwa na wakili wa kampuni. Sisi hatukuwa na wakili wetu. Hatimiliki ilitoka kwa jina langu, na nimeambiwa na watu wawili wanaojua mambo hayo kwamba ni halisi. Mwaka huu, tulipotaka kuchimba msingi, fundi wetu wa ujenzi alishauri tuite mpimaji athibitishe mipaka. Mpimaji alitazama namba ya hatimiliki, akafungua ramani yake, akaanza kutembea. Tulimfuata tukiiacha barabara, tukapita shamba la mahindi la mtu, tukateremka karibu mita 400 mpaka mahali penye matete na udongo mweusi ulionata viatuni. Hapo akasimama, akasema hapo ndipo kilipo kiwanja changu. Upande wa chini kinapakana na mkondo wa maji ambao jirani alisema hufurika kila masika.

Tumekwenda katika ofisi za kampuni mara nne. Mara ya kwanza waliniambia kijana yule aliacha kazi. Mara ya pili walinifungulia mkataba, ibara ya 9, inayosema kwamba mnunuzi amekikagua kiwanja na ameridhika nacho. Sasa wanasema watatubadilishia kiwanja katika awamu yao mpya, mradi tuongeze shilingi 200,000 na kutia sahihi karatasi kwamba hatuna dai lolote tena. Wametupa hadi mwisho wa mwezi huu. Mume wangu anataka twende polisi leo hii. Shemeji yangu anasema tusijisumbue, tumtafute mnunuzi mwingine, naye tumwonyeshe pale juu kwenye mgunga kama tulivyoonyeshwa sisi.

Je, nina kesi, ilhali hatimiliki yangu ni ya kweli na mkataba niliutia sahihi mwenyewe? Na hiyo ofa ya kubadilishiwa, je, niikubali?

Mama Baraka, Umoja

JIBU

Mama Baraka,

Pole sana kwa yaliyowapata wewe na mzee. Nianze na jambo ambalo naona ndilo lililokutia wasiwasi zaidi, kwamba hatimiliki yako ni halisi, kwa sababu hilo ndilo linaloipa kampuni ujasiri wa kukujibu inavyokujibu. Sisi wakazi wa Nairobi tumezoea kuogopa hati bandia. Hofu hiyo iliongezeka mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua, katika kesi ya ardhi ya ufuoni huko Nyali, Mombasa, kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa hati iliyo mkononi mwake ikiwa mzizi wa hati hiyo ulikuwa haramu tangu mwanzo. Shida yako ni ya namna nyingine kabisa. Hati yako ni safi. Kilichopotoka ni kidole cha kijana kilipoelekeza kwenye mgunga. Karatasi ya upekuzi hueleza mmiliki ni nani, ukubwa ni kiasi gani, na kama kuna rehani au tahadhari, yaani zuio la mtu anayedai haki juu ya ardhi hiyo. Haielezi kiwanja kiko juu kando ya barabara au chini kwenye matete. Hayo yamo katika ramani ya sajili, na ramani hiyo wengi wetu huisomewa na mpimaji baada ya kununua badala ya kabla. Silisemi hili kukulaumu, maana hata watu waliosoma kukuzidi wamenunua kwa kuonyeshwa tu.

Swali lako la kwanza, kama una kesi, jibu langu ni kwamba unayo, lakini uzito wake utategemea mambo ambayo bado hamjayatafuta.

Kanuni zinazotawala jambo hili zimetoka katika sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama), zikaingizwa kwetu kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Muuzaji hawajibiki kwa kila neno alilolisema. Kijana akikwambia kwamba bei itapanda mara mbili barabara ikiwekwa lami, hayo ni maneno ya sokoni na ubashiri wa mambo yajayo, na hakimu hatakurudishia pesa kwa sababu lami haikuja. Hata neno "thumuni ya ekari", ambalo nina hakika limo katika kabrasha lako, ni la mazoea tu, kwa kuwa thumuni kamili ni futi za mraba 5,445 na kiwanja cha 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Sikushauri umpeleke mtu mahakamani kwa tofauti hiyo. Muuzaji vilevile halazimiki kwa kawaida kukutajia kila kasoro ya ardhi usipouliza. Ila akishafungua kinywa akataja jambo lililopo kama jambo la hakika, jambo hilo likawa la uwongo, na wewe ukanunua kwa kulitegemea, basi amekupotosha na sheria inakupa dai juu yake. "Kiwanja hiki ndicho chenu" si sifa wala ubashiri. Ni kauli ya hakika kuhusu kitu kilichokuwa mbele ya macho yenu, na sijui kama kuna kauli nyingine katika mauzo ya ardhi yenye uzito kuliko hiyo.

Kwamba kijana ameacha kazi hakuiokoi kampuni. Alikuwa mtu wao wa mauzo, mlipanda basi lao, na kazi waliyompa ilikuwa hiyohiyo ya kuwaonyesha wateja viwanja. Maneno aliyoyasema katika kazi hiyo ni maneno ya kampuni.

Ibara ya 9 nayo isikutie hofu kama wanavyotaka ikutie. Isome tena polepole: inasema ulikikagua kiwanja. Kweli ulikagua, na uliyemfuata wakati wa kukagua ni mtu wao. Kwa hiyo ibara hiyo inathibitisha kwamba ukaguzi ulifanyika, na swali linalobaki ni kiwanja kipi kilichokaguliwa, swali ambalo kampuni haitafurahi kulijibu ikiwa chini ya kiapo. Tena ibara za namna hiyo, hata ziwe zimeandikwa kwa herufi kubwa namna gani, hazimkingi mtu dhidi ya ulaghai wake mwenyewe.

Sasa nifike penye ugumu. Ardhi imekwisha kuhamishwa na kuandikwa kwa jina lako. Laiti ungeligundua hili kabla ya uhamisho kusajiliwa, ingetosha kuonyesha kwamba uliambiwa jambo lisilo kweli, hata kama kijana alikosea bila kukusudia. Baada ya uhamisho, mahakama husitasita kutengua mauzo kwa sababu ya kosa lisilo la makusudi, na hapo utahitaji kuonyesha kwamba kampuni ilijua, au haikujali kabisa kama inachokisema ni kweli au si kweli. Hilo ndilo liitwalo ulaghai, na mahakama za Kenya hudai lithibitishwe kwa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida ya kiraia, ingawa si kiwango cha kesi ya jinai. Wakili wako hataruhusiwa kuandika tu kwamba "tulilaghaiwa". Atalazimika kueleza ni nani aliyesema nini, lini na wapi, na uwongo ulikuwa upi.

Utajuaje kama walijua? Hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu zako zote kabla ya kufikiria polisi au mahakama. Mwombe mpimaji wako, akiwa ana leseni, akuandikie ripoti inayoonyesha kilipo kiwanja cha hatimiliki, kilipo kiwanja mlichoonyeshwa, umbali kati ya viwili hivyo, na namba ya usajili ya kile cha juu chenye mgunga. Ukishapata namba hiyo, lipia upekuzi wa kiwanja hicho cha juu, na uombe pia nakala iliyothibitishwa ya daftari lake, ile ambayo watu wa ofisi za ardhi huiita kadi ya kijani, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kila badiliko na tarehe yake. Ukikuta kiwanja cha mgunga kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine kabla ya siku mliyopanda basi lile, basi kampuni ilikuonyesha kitu ambacho yenyewe ilikuwa imekiuza na kukihamisha, na hakuna mkurugenzi atakayeeleza hilo kuwa ni bahati mbaya. Ukikuta bado ni cha kampuni, jambo linabaki na utata zaidi, maana huenda kweli kijana alichanganya namba, japo katika hali hiyo ningewauliza ni kwa nini hawakupi hichohicho.

Kisha watafute wale wenzako wa basini. Mlikuwa 14, na ninajua watu wa safari kama hizo huachiana namba za simu au huwekwa katika kundi moja la WhatsApp. Waulize walionyeshwa wapi. Mtu mmoja akionyeshwa kiwanja kisicho chake, yaweza kuwa ni makosa. Wakipatikana watano walioambiwa, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kilicho kwenye mgunga ndicho chao, hapo hakimu ataona mtindo wa kazi. Ile rangi mbichi uliyoipangusia leso haithibitishi kitu ikiwa peke yake, kwa kuwa kampuni nyingi huzipaka bikoni rangi upya kila mwisho wa wiki ili wateja wazione vizuri. Ikiunganishwa na daftari na maneno ya wenzako, itakuwa na maana. Iandike katika maelezo yako kama ulivyoniandikia mimi, na kama ulipiga picha siku hiyo, usiifute wala usibadilishe simu bila kuihifadhi, kwa sababu picha na jumbe za simu hupokewa mahakamani zikiambatana na cheti maalumu kinachoeleza zilivyotolewa na kwa kifaa kipi.

Kampuni yaweza pia kukwambia kwamba huu ni mgogoro wa mipaka, na kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 mahakama haiwezi kuusikiliza mpaka mipaka iamuliwe kwanza. Usikubali kupelekwa huko. Wewe hugombani na jirani juu ya ua umesogezwa hatua ngapi. Unasema uliuziwa kitu tofauti na ulichoonyeshwa.

Ukithibitisha ulaghai, unaweza kuomba mauzo yatenguliwe, kampuni irudishe pesa yote na wewe urudishe kiwanja, pamoja na fidia ya gharama ulizoingia: ushuru wa stempu, ada za uhamisho na za mpimaji, na ikiwezekana riba uliyoilipa chamani. Au unaweza kubaki na kiwanja na kudai fidia ya tofauti ya thamani. Nikikutazama kama mshonaji mwenye mkopo, ningechagua la kwanza bila kusita. Ardhi iliyopakana na mkondo ina masharti yake, kwa kuwa kanuni za rasilimali za maji zinatenga ukanda wa hifadhi usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto, na kiwanja chako chote kina urefu wa mita 30 na kitu tu. Huenda ukabaki na hatimiliki nzuri ya mahali usipoweza kujenga hata choo.

Lakini haki ya kutengua hupotea kwa matendo. Ukipanda mboga pale chini, ukaweka ua, au ukakaa miaka bila kusema neno, utahesabiwa kuwa umekubali. Usiweke ua wala kumwaga mawe kwenye kile cha juu pia, kwa kuwa hicho, kwa karatasi, si chako. Kuhusu muda, dai la mkataba lina miaka 6, na dai la udanganyifu lenyewe lina miaka 3, lakini penye ulaghai hesabu huanza siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua kwa bidii ya kawaida. Siku yako ni ile mpimaji aliposimama kwenye matete. Iandike tarehe yake.

Kwa thamani ya kiwanja chako, mahakama ya hakimu inatosha kusikiliza kesi. Si lazima uanzie Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mtu anaweza kukushauri uende Mahakama ya Madai Madogo kwa sababu kikomo chake ni shilingi milioni moja na kesi huisha haraka. Mahakama hiyo haisikilizi migogoro ya umiliki wa ardhi, na wakili wa kampuni atakimbilia hapo siku ya kwanza, kwa hiyo utapoteza muda na ada. Safari hii tafuta wakili wako mwenyewe. Yule aliyeandaa mkataba alikuwa wa kampuni, na bado ni wa kampuni.

Mwambie mzee kwamba hasira yake ina msingi. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kujipatia mali kwa maelezo ya uwongo kwa kifungo cha hadi miaka 3, na kesi ya jinai yaweza kuendelea sambamba na ya madai. Ila polisi watamuuliza yaleyale niliyokuuliza mimi: nani alijua nini? Akienda leo na hatimiliki halali na mkataba wenye sahihi zenu, afisa wa zamu atamwambia hili ni jambo la kiraia na kumrudisha nyumbani. Akienda na ripoti ya mpimaji, daftari la kiwanja cha mgunga na wenzako wawili watatu wa basini, atasikilizwa kwa namna nyingine.

La shemeji nitalijibu kwa ufupi. Siku utakapomsimamisha mnunuzi kando ya mgunga ukamwambia "hiki ndicho", utakuwa umesema maneno yaleyale ya yule kijana, ila wewe utakuwa unajua wazi kwamba ni uwongo, na ripoti ya mpimaji wako mwenyewe ndiyo itakayotumiwa kukufunga. Ukitaka kukiuza, kiuze kwa kumpeleka mtu bondeni na kumwonyesha maji.

Sasa ile ofa ya kubadilishiwa. Ofa yenyewe si mbaya kimsingi, na kama wangekupa kiwanja chenye thamani ileile, bila nyongeza, baada ya mpimaji wako kukionyesha ardhini na wakili wako kusoma karatasi, ningekwambia uifikirie, kwa kuwa kesi huchosha na mkopo haungoji. Ninachokikataa ni shilingi 200,000 za kurekebisha kosa lao, tena katika awamu mpya ambayo pengine haijagawanywa kisheria, na karatasi ya kufuta madai ambayo ukiitia sahihi itakufungia kila mlango nilioutaja hapa. Mwisho wa mwezi ni tarehe waliyoiweka wao. Haina nguvu yoyote ya kisheria juu yako. Hata hivyo usikae kimya hadi ipite. Wiki hii waandikie barua, ubaki na nakala yenye muhuri wao wa kupokea, na wakikataa kugonga muhuri itume pia kwa baruapepe. Isiwe ndefu. Wakili wako ataongeza ya kwake baadaye, lakini kwa sasa yatosha haya:

"Kiwanja nilichoonyeshwa na mfanyakazi wenu siyo kiwanja kilichoandikwa katika hatimiliki mliyonipa. Nililigundua jambo hili tarehe [andika siku ya mpimaji] kupitia mpimaji mwenye leseni. Sijakikubali kiwanja kilicho bondeni, sijaikubali ofa yenu ya kubadilishiwa kwa nyongeza ya malipo, na haki zangu zote nimezihifadhi. Tafadhali nipeni kwa maandishi, ndani ya siku 14, namba ya usajili ya kiwanja nilichoonyeshwa na jina la mmiliki wake siku hiyo."